Picha Ghafi za Kondoa na Uteuzi wa Programu za Kuzichakata

Michoro ya miambani ya Kondoa inafifia. Katika miinuko ya Kolo, Pahi, Kisese na vijiji jirani, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, kuta za mapango zimebeba kwa karne nyingi sura za twiga, pofu, tembo na binadamu waliochorwa kwa ngeu nyekundu. Mahali pengine sura hizo zimefunikwa na michoro ya nyeupe iliyokuja baadaye. Mwaka 2006 eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Makadirio yaliyotolewa wakati huo yalitaja mapango yenye michoro kuwa kati ya 150 na 450. Lakini heshima hiyo haizuii jua kuchoma, maji ya mvua kutiririka, vumbi kutanda, wala mifugo kujisugua ukutani. Kadhalika haijawazuia watu wenye kuchimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu inayosemekana kufichwa na Wajerumani.

Kwa kuwa jiwe haliwezi kutiwa kabatini, wataalamu wamekuwa wakichukua nakala. Mwaka 1951 Mary Leakey alifanya kazi kwa miezi kadhaa katika mapango hayo. Aliweka karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha mstari baada ya mstari, kisha akainakili michoro upya kwa rangi. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1983 katika kitabu alichokiita Africa's Vanishing Art, yaani sanaa ya Afrika inayotoweka. Leo kazi kama hiyo hufanywa kwa kamera ya dijitali, na aghalabu kwa kamera ya sinema, ambayo huweza kufuata mwanga wa taa unapopitishwa ubavuni mwa mwamba na kuonyesha makunyanzi ya jiwe pamoja na rangi iliyobaki. Kamera hizo hutoa kile kinachoitwa picha ghafi, na picha ghafi haionekani kwa macho mpaka ichakatwe kwa programu ya kompyuta.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya. Programu zipo nyingi. Nyingine huuzwa, nyingine hukodishwa, nyingine hutolewa bure. Mara nyingi uteuzi hufanywa kwa kutazama ni ipi inayotoa picha ya kupendeza zaidi, au ni ipi inayotumiwa na watengenezaji wa filamu wa Marekani na Ulaya. Kipimo hicho chaweza kufaa kwa tangazo la biashara. Kwa kumbukumbu za taifa hakifai hata kidogo. Programu ya kuchakata picha za Kondoa yapasa iteuliwe kama vile mwanasayansi anavyoteua mizani: kwanza iaminike, pili iweze kukaguliwa, tatu iweze kutumiwa tena na mtu mwingine akapata jibu lile lile.

Picha ghafi ni kitu gani?

Katika kamera ya zamani, mwanga ulipita katika lenzi ukaangukia utepe wa filamu. Filamu ilipooshwa katika dawa ilitoa picha-hasi, na kutokana na hiyo hasi mpiga picha aliweza kusafisha nakala nyingi, moja yenye giza zaidi, nyingine yenye mwanga zaidi, bila kuidhuru hasi yenyewe. Picha ghafi ndiyo hasi ya zama hizi. Ndani ya kamera ya dijitali pana kibamba chenye mamilioni ya vipokea mwanga vidogo sana, na kila kipokea mwanga hutoa namba moja tu, inayolingana na kiasi cha mwanga kilichokiangukia. Mkusanyiko wa namba hizo, kabla haujaguswa na hesabu nyingine, ndio picha ghafi.

Kamera ikiamriwa kutoa picha iliyokamilika, mathalani katika muundo wa JPEG, yenyewe hufanya uchakataji wote kwa sekunde chache, kisha huzitupa namba za asili. Hasara yake yaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Namba ya biti 12 ina ngazi 4,096 kati ya giza kamili na mwanga kamili. Namba ya biti 8, ambayo hutumika katika JPEG, ina ngazi 256 tu. Juu ya hayo, muundo wa JPEG huigawa picha katika miraba midogo yenye nukta nane kwa nane, na ndani ya kila mraba hupunguza habari ambazo jicho la kawaida halizihitaji. Kwa picha ya harusi upungufu huo hauna madhara. Kwa mchoro uliofifia kiasi kwamba jicho halitambui mwisho wa rangi na mwanzo wa jiwe, habari zinazotupwa huenda zikawa ndizo hasa zilizokuwa zikitafutwa.

Namba zinazokadiriwa

Vipokea mwanga havijui rangi. Ili rangi ipatikane, kila kimoja hufunikwa kwa kichujio chekundu, kijani au bluu. Mpangilio unaotumika katika kamera nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, naye alipewa hataza yake mwaka 1976. Katika mpangilio huo nusu ya vipokea mwanga hupata kichujio cha kijani, robo chekundu, na robo iliyobaki bluu. Lakini picha iliyokamilika huhitaji namba tatu katika kila nukta. Kwa hiyo, katika kila nukta namba moja imepimwa na mbili zimekadiriwa kwa kutazama majirani. Kwa maneno mengine, theluthi mbili za namba zote za rangi katika picha iliyokamilika hazikupimwa na kamera. Zimejazwa na programu.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika mapango ya Kondoa. Ngeu ni udongo wenye oksaidi ya chuma, na miamba na vumbi la uwanda wa kati vina chuma pia. Kwa hiyo tofauti kati ya rangi iliyopakwa na jiwe tupu haiko katika wekundu peke yake. Imo katika uhusiano wa namba tatu, nyekundu, kijani na bluu. Programu mbili zenye njia tofauti za kukadiria zikipewa faili moja, zaweza kutoa ukingo wa mstari uliotofautiana. Moja italainisha, na ule mstari mwembamba wa mkuki utayeyuka. Nyingine itanoa, na ufa wa jiwe utaonekana kama mkuki.

Mfano ulio maarufu ni kundi la watu watano lililochorwa huko Kolo. Mtu wa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa pande zote mbili. Mary Leakey aliona hapo tukio la utekaji: mtu ananyang'anywa, na wengine wanamzuia. Watafiti waliokuja baadaye, wakizingatia mila za ngoma za Wasandawe, waliona ngoma ambamo wachezaji hupandwa na mzuka. Hoja zote mbili hutegemea vitu vidogo: mkono unaelekea wapi, kichwa kina umbo gani, mguu umekunjwa au umenyooka. Ikiwa umbo la kichwa limetokana na programu na halikutokana na mchoraji, basi historia nzima imejengwa juu ya hesabu ambayo hakuna aliyeiona.

Kunyoosha rangi

Ipo njia moja iliyoleta manufaa makubwa katika uchunguzi wa michoro ya miambani, nayo inafaa kuelezwa kwa kuwa mwanafunzi wa hisabati wa kidato cha tano anaweza kuifuata. Tuseme kila nukta ya picha ya mwamba inawekwa katika nafasi yenye mihimili mitatu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani na mmoja wa bluu. Kwa kuwa penye mwanga namba zote tatu hupanda pamoja, na penye kivuli hushuka pamoja, wingu la nukta hizo huwa refu na jembamba, mfano wa mung'unye. Urefu wa mung'unye ni tofauti ya mwanga na kivuli. Unene wake mdogo ndio wenye tofauti za rangi. Programu huizungusha mihimili ilingane na urefu na unene wa mung'unye, hunyoosha pande zile nyembamba mpaka wingu liwe la mviringo kama chungwa, kisha huirudisha mihimili mahali pake. Rangi zilizokuwa zimebanana sasa huachana, na mchoro uliofichika hujitokeza.

Njia hiyo ilianza kutumika katika picha za ardhi zinazopigwa kutoka angani. Mwaka 2005 mwanahisabati wa Marekani, Jon Harman, aliitengenezea programu iitwayo DStretch kwa ajili ya sanaa za miambani. Programu hiyo hufanya kazi ndani ya ImageJ, ambayo ni programu ya bure iliyoanzishwa katika taasisi za taifa za afya za Marekani kwa uchunguzi wa picha za kisayansi.

Lakini kila dawa ina kipimo chake. Hesabu hiyo haijui mchoro wala jiwe; hunyoosha kila tofauti inayoikuta. Doa la kutu la asili litang'aa kama ngeu. Chenga zinazotokana na uhaba wa mwanga pangoni zitakuwa mvua ya rangi. Na ikiwa picha ilikwisha kubanwa kwa JPEG, ile miraba ya nukta nane kwa nane itajitokeza ukutani mithili ya vigae. Hivyo mtafiti aliyepuuza picha ghafi kwa kuona kwamba ni mzigo, huja kugundua baadaye kwamba hata programu bora haina la kumsaidia. Isitoshe, rangi za zambarau na njano zinazoonekana katika picha iliyonyooshwa si rangi za mwamba. Picha kama hiyo ikichapishwa bila maelezo, na bila picha ya kawaida kando yake, humpotosha msomaji.

Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya sanaa na ushahidi. Mtengenezaji wa filamu ya hadithi anayo haki ya kuifanya jioni ya Dodoma iwe nyekundu kuliko ilivyokuwa. Mwenye kuhifadhi kumbukumbu hana haki hiyo, isipokuwa amesema wazi alichofanya, kwa kiasi gani, na kwa programu ipi.

Mlango wenye ufunguo mmoja

Hatari ya pili haimo katika rangi bali katika umiliki. Kampuni nyingi za kamera hutoa picha ghafi katika muundo wao wenyewe, ambao maelezo yake hayachapishwi. Tangu mwaka 1997 Dave Coffin, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alitumia miaka mingi kuichambua miundo hiyo na kuandika programu ndogo iitwayo dcraw, inayoweza kuisoma. Kazi yake ikawa msingi wa programu nyingine nyingi. Kwamba mtu mmoja alilazimika kufanya kazi hiyo kwa miaka yote hiyo ni ushahidi tosha wa udhaifu wa mpango mzima: mamilioni ya picha zimetiwa katika masanduku ambayo ufunguo wake uko kwa mwenye kiwanda.

Programu nazo hufa. Kampuni ya Apple ilianza kuuza programu iitwayo Aperture mwaka 2005, na wapiga picha wengi walipanga ndani yake kazi za maisha yao. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba haitaendelezwa. Mwaka 2015 ikaondolewa sokoni. Na mfumo wa kompyuta za kampuni hiyo uliotoka mwaka 2019 ukawa hauwezi tena kuiendesha. Waliokuwa na picha ghafi za asili walibaki nazo, lakini hatua zote za uchakataji walizozifanya kwa miaka mingi zilihitaji kuhamishwa, na si zote zilizohamishika. Kampuni ya Adobe nayo iliendelea kuuza programu ya Lightroom kwa malipo ya mara moja mpaka mwaka 2017. Tangu hapo atakaye toleo jipya hulipa kodi kila mwezi au kila mwaka. Kwa ofisi yenye bajeti ya shilingi na malipo ya dola, kodi isiyo na mwisho ni sawa na kupanga nyumba ya kuwekea makaburi ya wazee: siku fedha itakapokosekana, mwenye nyumba atafunga mlango.

Katika sinema hali ni ngumu zaidi. Muundo wa CinemaDNG, ambao maelezo yake yako wazi kwa kila mtu, uliwahi kutumika katika kamera kadhaa za bei nafuu. Baadaye baadhi ya viwanda viliuacha na kufuata miundo vyake vyenyewe. Muundo wa Blackmagic RAW, uliotangazwa mwaka 2018, hufanya sehemu ya kazi ya kukadiria rangi ndani ya kamera yenyewe kabla ya kuhifadhi. Ni muundo mzuri kwa kazi nyingi, na faili zake ni ndogo; lakini jina la "ghafi" lisimfanye mtu adhani kwamba namba zilizomo ni zile zilizotoka kwenye vipokea mwanga bila kuguswa. Muundo wa ProRes RAW wa Apple, uliotoka mwaka huo huo, haukuweza kufunguliwa kwa miaka kadhaa katika programu ya DaVinci Resolve, ambayo ni miongoni mwa programu zinazotumika zaidi duniani kwa kusahihisha rangi za filamu. Kamera na programu vilikuwa vyote mashuhuri, lakini havikusikilizana.

Uzito wa terabaiti

Sababu inayowafanya wengi wakimbilie miundo iliyobanwa ni uzito wa data, na sababu hiyo haipaswi kudharauliwa. Kamera ya sinema yenye nukta 4,096 kwa upana na 2,160 kwa kimo ina nukta 8,847,360. Kila nukta ikiwa na biti 12, picha moja ina baiti 13,271,040. Sinema huhitaji picha 24 kwa sekunde, yaani baiti 318,504,960 kila sekunde. Kwa dakika moja ni gigabaiti 19 na zaidi. Kwa saa moja ni terabaiti 1.15. Na kwa kuwa kumbukumbu isiyo na nakala si kumbukumbu, kiasi hicho hakina budi kuzidishwa kwa mbili au tatu.

Jibu la tatizo hili si kubana kila kitu, wala si kuhifadhi kila kitu. Jibu ni kupanga kazi kabla ya kwenda pangoni. Ukuta wa mwamba hautembei. Kwa sehemu kubwa ya kazi, picha moja moja ghafi, zilizopigwa kwa kigoda cha miguu mitatu, pamoja na kadi ya vipimo na rangi iliyowekwa kando ya mchoro, zitatoa ushahidi bora kuliko sinema. Sinema ghafi itumike kwa dakika chache ambazo mwendo wenyewe una maana: taa inayopita ubavuni, au maji yanayotiririka juu ya mwamba wakati wa masika. Mahojiano na wazee, kwa upande mwingine, hayahitaji picha ghafi. Yanahitaji sauti safi.

Ipo pia njia ya kubana bila kupoteza, ambapo namba zote za asili hurudi zilivyokuwa faili inapofunguliwa. Muundo wa DNG, uliotangazwa na Adobe mwaka 2004 na ambao maelezo yake yamechapishwa, unaruhusu jambo hilo. Mwalimu anaweza kuwaeleza wanafunzi tofauti yake kwa mfano wa magunia: kubana bila kupoteza ni kushindilia mtama katika gunia dogo zaidi, kubana kwa kupoteza ni kupunguza mtama.

Vipimo vitano

Kutokana na hayo, vipimo vitano vyaweza kupendekezwa kwa shule, chuo, makumbusho au ofisi inayotaka kuteua programu.

Kwanza, programu isiiguse faili ya asili. Hatua zote za uchakataji ziandikwe kando, katika faili ndogo ya maandishi. Programu za bure za darktable na RawTherapee hufanya hivyo, na programu kadhaa za kuuzwa zaweza kufanya hivyo pia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la picha ni hiyo faili ndogo.

Pili, hesabu zake ziwe wazi. Programu inayoandika kwamba imeongeza "uangavu" kwa 20, bila kueleza 20 ya nini, haijaeleza kitu. Pale ambapo msimbo wa programu uko wazi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuufungua, akaona kanuni iliyotumika, akaijaribu, na hata akaisahihisha.

Tatu, iweze kusoma na kutoa miundo iliyo wazi, kama DNG na TIFF, ili kazi ihamishike siku programu itakapokufa. Yapasa idhaniwe tangu mwanzo kwamba itakufa.

Nne, ifanye kazi katika kompyuta iliyopo, bila kudai intaneti kila inapofunguliwa. Programu inayokataa kufunguka Kolo kwa sababu haikupata idhini kutoka California haifai kwa kazi ya Kolo.

Tano, iweze kutenganisha habari za siri na habari za wazi. Kamera nyingi huandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa. Habari hiyo ni lazima ibaki katika hifadhi, kwa kuwa bila hiyo picha haina nyumbani. Lakini nakala inayotolewa hadharani iondolewe habari hiyo, wasije wachimbaji wa dhahabu ya Wajerumani wakaongozwa na kazi ya wanasayansi mpaka mlangoni mwa pango. Pia yapo mapango ambayo hata leo hutumiwa kwa matambiko, kama vile Mungomi wa Kolo, na wenyeji wanayo haki ya kusema ni picha zipi zioneshwe na zipi zisioneshwe.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaoshikilia kwamba programu za kuuzwa hutoa rangi nzuri zaidi, hufanya kazi kwa kasi, na zina mafundi wa kuulizwa tatizo linapotokea. Hoja hizo zina ukweli. Programu ya bure mara nyingi humdai mtumiaji muda mrefu wa kujifunza, na muda nao ni gharama. Tena kijana anayetaka ajira katika utengenezaji wa filamu Dar es Salaam au Nairobi atafaidika zaidi akijua programu zinazotumika katika studio hizo. DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, ni chombo chenye uwezo mkubwa, na hakuna sababu ya kumkataza mwanafunzi kuitumia katika kukamilisha filamu.

Lakini kukamilisha filamu na kutunza kumbukumbu ni kazi mbili. Mtu aweza kushona nguo kwa cherehani yoyote. Kitambaa chenyewe hakiachwi ndani ya cherehani. Filamu ya maonyesho itengenezwe kwa programu yoyote itakayofaa, mradi tu picha ghafi, faili za hatua, na nakala katika miundo iliyo wazi vimekwisha kuwekwa mahali salama. Kosa linalopaswa kupigwa vita ni kuifanya programu ya kukamilishia kuwa ndiyo ghala.

Wengine husema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina sababu ya kuhangaika na biti 12. Hoja hii huonekana ya kizalendo, lakini ina kasoro. Gharama kubwa ya kumbukumbu ni safari, muda, na utaalamu wa kupiga picha. Hiyo hulipwa hata kama picha zitakazotoka zitakuwa mbovu. Kuteua muundo ulio wazi na programu iliyo bure hakuongezi gharama. Kunazuia gharama ile ile isilipwe mara ya pili, wakati ambapo huenda mchoro wenyewe haupo tena.

Jukumu la shule

Jambo hili lisiachiwe wataalamu wa malikale peke yao. Simu nyingi za leo zinaweza kuhifadhi picha ghafi katika muundo wa DNG, na jaribio lifuatalo haliwezi kuishinda shule yenye simu moja kama hizo na kompyuta moja. Wanafunzi wachukue kipande cha jiwe au tofali, wachore juu yake mistari myembamba kwa udongo mwekundu, kisha waifute kwa kitambaa mpaka ikaribie kutoonekana. Wakipige picha mara mbili, moja ghafi na moja ya JPEG, kwa mwanga ule ule. Picha ghafi ichakatwe kwa programu mbili tofauti, kila hatua ikiandikwa daftarini. Mwisho wahesabu: ni mistari mingapi inayoonekana katika kila picha, na ni mingapi iliyoonekana ilhali haikuchorwa na mtu? Swali la pili ndilo lenye faida kubwa zaidi, kwa kuwa humfundisha mwanafunzi kwamba chombo kinaweza kuficha ukweli na kinaweza pia kuuzua. Katika jaribio hilo fizikia ya mwanga, kemia ya oksaidi za chuma, hisabati ya mihimili na historia ya nchi hukutana juu ya meza moja.

Nakala za Mary Leakey zinasomeka hata leo, miaka mingi baada ya kuchorwa, kwa sababu karatasi haihitaji leseni. Nakala zinazochukuliwa sasa zina uwezo wa kubeba habari nyingi mara elfu kuliko zile, lakini pia zina uwezo wa kutosomeka kabisa baada ya miaka kumi. Ngeu itaendelea kupauka huko Kolo, na yawezekana kwamba kwa baadhi ya mapango faili iliyopo leo ndiyo itakayokuwa mchoro pekee uliobaki. Wanaoteua programu ya kuichakata wanateua pia kama wajukuu wa Kondoa wataweza kuifungua.